Ardhi ya Umma na Majina ya Wafu wa Vita

Suala la ardhi ni suala la msingi katika nchi ya wakulima na wafanyakazi, na makada wengi wamelisoma vizuri kwa upande wa jembe. Wanajua kwamba umilikaji wa ardhi wa milele ulioachwa na mkoloni ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Wanajua pia kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Lakini upande wa koleo la mchimba kaburi haujasomwa vya kutosha. Shamba likishindwa hugawiwa upya. Kiwanda kikifa, jengo lake hutumika kwa kazi nyingine. Uwanja wa makaburi ya vita sivyo ulivyo. Ukiisha kuzungushiwa ukuta na kupandwa majani, huwa ni tamko la taifa lililoandikwa ardhini kwamba hawa ndio tunaowahesabu. Na hata ukihamishwa, kama tutakavyoona, huhama pamoja na makosa yake. Hivyo basi inatupasa tuuhakiki kama tunavyohakiki kitabu au hotuba: tuulize umesema nini, umenyamaza wapi, na kalamu ilikuwa mikononi mwa nani.

Mfano tunao, tena hapa Kinondoni. Mwananchi anayetoka katikati ya jiji kwenda Wazo hufuata barabara ya Bagamoyo. Atapita Mwenge, kisha Lugalo, kambi ambayo mkoloni aliiita Colito kwa kumbukumbu ya pigano la mwaka 1941 kule Ethiopia, na ambayo baada ya maasi ya Januari 1964 ilipewa jina la mahali Wahehe walipolivunja jeshi la Wajerumani mwaka 1891. Atapita Tegeta, ndipo akione kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Lakini kabla ya kufika huko kote, akiwa bado hajawa mbali na mjini, kando ya barabara upo uwanja wa majani mafupi, mistari iliyonyooka na mawe yanayolingana. Ni rahisi kwa abiria wa daladala kudhani kwamba hapo wamelala Wazungu tu. Hayo ndiyo Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, na dhana hiyo ya abiria si kosa lake. Uwanja wenyewe umepangwa ili adhani hivyo.

Makaburi hayo hayakuanzia hapo yalipo. Wafu wa Vita Vikuu vya Kwanza waliofia katika mji huu walizikwa Ocean Road, karibu na bahari. Mwaka 1968 ilitakiwa kujengwa barabara mpya, na makaburi 660 ya vita hivyo yakahamishwa na kuletwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaongezwa mamia mengine kutoka sehemu mbalimbali za nchi ambako utunzaji wake haukuweza tena kuhakikishwa. Leo wamelala hapo watu 1,764 wa majeshi ya Uingereza na makoloni yake waliokufa katika vita vya kwanza, 41 wa vita vya pili, na zaidi ya 100 wa mataifa mengine, wengi wao Wajerumani. Mwenye kusoma tarakimu hizi asiupite mwaka 1968 haraka. Huo ni mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Taifa huru lilikuwa likitwaa njia kuu za uchumi, na wakati huo huo likatenga kipande cha ardhi yake kwa ajili ya mifupa ya vita ambavyo Mtanganyika hakuvianzisha, hakuvitaka, wala hakuulizwa juu yake.

Kabla ya kukosoa tutoe haki palipo na haki. Tume inayotunza makaburi haya iliundwa London mwezi Mei 1917, na msingi wake ulikuwa usawa: jenerali na askari wa kawaida wapate jiwe lenye kimo kimoja, bila kujali cheo, rangi wala dini. Tajiri hakuruhusiwa kumrudisha nyumbani maiti ya mwanawe wala kumjengea kaburi la fahari huko alikofia. Mabwanyenye wa Uingereza walilipinga jambo hilo kwa hasira, hata likajadiliwa bungeni kwao mwaka 1920, lakini Tume haikurudi nyuma. Kwa msomaji wa siasa ya usawa huu ni uamuzi wa kuheshimiwa, maana mauti hayakuachwa yawe soko jingine la kuonyesha mali. Tunasema hivyo bila kigugumizi. Itakuwa aibu kwetu tukija kujenga makaburi ya wapiganaji wetu ambamo maofisa wakubwa wamewekewa marumaru karibu na lango, na makuruta wamesukumwa nyuma kwenye miba.

Lakini usawa huo ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa rangi. Kule Ocean Road wafu walikuwa wametengwa. Kulikuwa na kiwanja cha Waafrika Wakristo, kiwanja cha wasio Wakristo, na kiwanja cha Waislamu, na katika viwanja hivyo makaburi hayakuwekewa alama ya mtu mmoja mmoja. Ilipofika siku ya kuhama, miaka hamsini baadaye, haikuwezekana tena kujua nani ni nani. Mifupa ikazikwa upya katika makaburi ya pamoja, kila moja likajengewa ukuta wa kumbukumbu, na sehemu hizo zikaitwa Bustani za Kumbukumbu B, C na D. Mzungu ana jina, jeshi lake na tarehe ya kufa. Mwafrika ana herufi.

Huenda mtu akajibu kwamba hivyo vilikuwa vita, watu walizikwa haraka, na majina hayakujulikana. Hoja hii haisimami, na inayoiangusha imo ndani ya uwanja huo huo. Hapo pana mnara wa Waingereza na Wahindi zaidi ya 1,500 waliokufa katika Afrika Mashariki tangu Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani yalipo. Hawana kaburi, lakini wana jina. Tume iliona, na iliona sawa, kwamba kukosekana kwa maiti si sababu ya kukosekana kwa jina. Kwa Mwafrika asiye na kaburi utaratibu ulikuwa mwingine. Yeye alisimamishiwa sanamu. Ile Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji, mahali palipokuwa pamesimama sanamu ya Mjerumani Wissmann, ndiyo kumbukumbu ya Waafrika wote waliokufa upande wa Waingereza, na haina hata jina moja la marehemu. Sanamu ni heshima ya jumla, na jumla haina mama wala kijiji.

Hata katika jumla hiyo yumo aliyesahaulika zaidi. Sanamu ya Dar es Salaam inamwonyesha askari mwenye bunduki peke yake. Kule Nairobi angalau wenzetu wana sanamu tatu, na mmoja wao ni mpagazi mwenye mzigo. Jambo hili linashangaza, kwa sababu Dar es Salaam ndiyo yenye mtaa unaoitwa Kariakoo, na jina hilo si jingine bali ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi, lililopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwezi Septemba 1916. Watu wamekwenda Kariakoo kununua ndizi na khanga kwa zaidi ya miaka mia moja, wakilitaja jeshi hilo kila siku. Tunathubutu kusema kwamba soko lenyewe limekuwa kumbukumbu kubwa ya wapagazi kuliko marumaru yo yote iliyochongwa katika jiji hili. Lakini ni kumbukumbu ya mdomo wa umma. Dola, iwe ya Mwingereza au yetu, haikuitoa.

Mpagazi hakuwa mtu wa pembeni katika vita hivyo. Pasipo barabara wala reli, na penye mbung'o waliowaua farasi na ng'ombe, jeshi lilikwenda kwa miguu ya watu na lilikula kilichobebwa kwa vichwa vya watu. Waliandikishwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na wakafa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa na njaa. Mtu aliyelazimishwa kubeba sanduku la risasi za mtu mwingine mpaka akaanguka njiani ni mvuja jasho katika maana kamili ya neno hilo. Ameibiwa nguvu yake, kisha uhai wake, kisha jina lake.

Tunasema ameibiwa jina kwa sababu jina lilikuwako. Mpagazi alikuwa na namba, na namba hiyo iliandikwa katika daftari kwa ajili ya mshahara. Baada ya vita ilibaki fedha nyingi ya mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo hakuna aliyekuja kuidai. Serikali ya kikoloni iliyoweza kuhesabu shilingi za mtu aliyekufa isingeshindwa kuandika jina lake. Ilichoshindwa ni kuona faida ya kufanya hivyo. Maofisa wa kikoloni walishikilia kwamba Mwafrika hajafikia kiwango cha kuthamini kaburi lenye alama! Mwezi Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ya uchunguzi ikikiri kwamba kati ya wafu 45,000 na 54,000 wa Asia na Afrika walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Mwezi Januari 2025 ilizinduliwa kumbukumbu mpya mjini Cape Town yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika wa kikosi cha vibarua waliokufa katika vita hivyo vya kwanza. Hapa kwetu bustani zetu tatu za herufi zingali zinaitwa B, C na D.

Mpaka hapa ni rahisi kwa kada ye yote kukunja ngumi na kumlaani mkoloni. Kazi hiyo haihitaji jarida la nadharia. Uhakiki unaanza kuuma tunapouliza juu ya mwaka 1968. Aliyetoa kibali cha kuhamisha ni nani? Ardhi mpya ilikuwa ya nani? Ilikuwa ni ardhi yetu, na mwaka uliofuata Bunge letu lilitunga sheria ya kuhamisha makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Mamlaka yalikuwa mikononi mwetu. Tukaupokea mpango wa makaburi kama ulivyochorwa, pamoja na migawanyo yake, kana kwamba ulikuwa ni kazi ya ufundi tu isiyo na siasa ndani yake. Kasumba haina maana ya kuvaa tai na kunywa chai saa kumi peke yake. Kasumba ni pale unapopewa nafasi ya kupanga upya ukapanga vile vile. Kweli, mifupa iliyochanganyika isingetenganishwa na mtu ye yote. Jina lisiloandikwa siku ya maziko halirudishwi na marumaru. Lakini wakati huo wazee waliobeba mizigo ile walikuwa bado hai vijijini, wengi wao wakiwa na miaka sabini au themanini, wakikumbuka walikufa na nani na wapi. Muda huo ulipita, wala hautarudi.

Tuongeze neno juu ya majani, maana majani nayo yana siasa. Uwanja wa Tume umefyekwa vizuri mwaka mzima, na mikono inayofyeka ni ya Watanzania. Makaburi ya Kinondoni, ambamo wananchi wa kawaida huzikana, yamelalamikiwa kwa miaka mingi kuwa yamejaa, na mwenye kwenda kumzuru marehemu wake hutafuta njia kati ya makaburi mengine. Hatuwaonei kijicho walionyooshewa mistari. Tunachosema ni kwamba utunzaji si tabia ya taifa fulani. Ni fungu la fedha lililowekwa kila mwaka na mtu aliyepewa wajibu. Ye yote anayependekeza kutenga ardhi kwa ajili ya makaburi ya wapiganaji bila kusema nani atalipa mshahara wa mfyekaji, anapendekeza kichaka.

Sasa tugeukie vita vyetu wenyewe. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, jeshi letu lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Katika muda wa majuma machache likapanuka na kupita 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000, pamoja na polisi, askari wa magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Hesabu rasmi ya wanajeshi wetu waliokufa ilikuwa 373, na kati yao ni 96 tu waliouawa na adui. Wengine walikufa kwa ajali na sababu nyingine. Walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, katika ardhi ya umma, na majina yamechorwa kwenye mnara mweupe. Vivyo hivyo wako waliolazwa Naliendele, Mtwara, waliofia Msumbiji. Hapo taifa liliandika kwa mkono wake, na liliandika vizuri zaidi kuliko mkoloni. Aliyekufa kwa ajali ya lori hakutengwa na aliyekufa kwa risasi. Jina ni jina. Kaboya ni jibu lililo sahihi kwa sababu ni makaburi ya watu waliokufa vitani, mbali na kwao, wakati ambapo haikuwa rahisi kumfikisha kila mmoja kijijini kwake. Ardhi hiyo ilitolewa kwa haja iliyo dhahiri.

Hata hivyo hatuwezi kuiacha Kaboya bila swali. Raia wapatao 1,500 waliuawa na askari wa Amin katika eneo lililotekwa. Hao hawakuwa na sare. Walikuwa wakulima wa migomba na wafugaji, na vita viliwakuta nyumbani. Taifa linapoandika majina ya waliobeba bunduki na kuwaacha waliouawa kwa kukosa bunduki, linarudia, bila kukusudia, kosa lile lile la kumwona mwenye silaha peke yake kuwa ndiye vita. Watu wa Songea wanaelewa jambo hili kuliko wengi wetu. Wanaokumbukwa kila tarehe 27 Februari kwenye kaburi la pamoja la mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906 hawakuwa na namba ya jeshi wala kadi ya malipo, lakini hakuna mtoto wa Songea anayeuliza kama walikuwa wapiganaji.

Tuje basi Wazo. Tuchukue, kwa ajili ya hoja tu, kwamba kuna anayetaka ardhi ya umma pembezoni mwa jiji, iwe Wazo au upande wa pili huko Temeke, itengwe kuwa makaburi ya wanajeshi wastaafu, yaani wale waliopigana, wakarudi, wakazeeka na kufa vitandani mwao. Nia yake huenda ni njema. Sisi tunaipinga, na tunaomba tueleweke sawasawa kwa nini.

Kwanza ni ardhi yenyewe. Dar es Salaam ya mwaka 1967 ilikuwa na wakazi wasiofika 300,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Huko Wazo kwenyewe mgogoro wa Chasimba, kati ya maelfu ya wakazi na kiwanda cha saruji, ulikwenda kwa miaka mingi mahakamani na maofisini. Watu hao hawakuwa wakitafuta mahali pa kuzikwa. Walitaka mahali pa kulaza watoto. Katika hali halisi ya namna hiyo, kila ekari inayotengwa kwa ajili ya kundi moja la wafu lazima ijitetee mbele ya walio hai na mbele ya wafu wengine. Mwalimu wa shule ya msingi, mkunga na mpakia mizigo bandarini nao wana haja ya kuzikwa. Ukimtenga mwanajeshi mstaafu katika makaburi yake, unasema utumishi wake ni wa daraja jingine. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964 ili liwe jeshi la wananchi, kinyume cha lile lililoasi. Askari aliyetoka kwa wananchi anarudi kwa wananchi, na hapo hatuoni dosari yo yote.

Mfano wa jambo hilo umo Kinondoni, na ni ajabu kwamba hautajwi mara nyingi. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu mjini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, yale yale ya wananchi wa kawaida, na akalala hapo miaka kumi mpaka mabaki yake yalipohamishiwa Maputo mwaka 1979. Kwa miaka kumi mpiganaji mkubwa wa ukombozi alikuwa jirani wa makabwela wa Dar es Salaam, na heshima yake haikupungua hata chembe. Linganisha na Uwanja wa Mashujaa wa Harare. Tunawaheshimu ndugu zetu wa Zimbabwe, na wengi wao walifundishwa vita katika ardhi yetu. Lakini utaratibu wa kuwapanga mashujaa katika daraja la taifa, la jimbo na la wilaya, huku kikao cha juu cha chama kikiamua nani astahili lipi, umeyafanya maziko yawe ni mahali pa kutafutia cheo. Mtu akitofautiana na wakubwa wakati wa uhai wake, anaweza kulipishwa baada ya kufa. Hatuoni kwa nini tuingize ugonjwa huo hapa.

Ukweli mwingine ni kwamba wananchi wetu wenyewe wameshaamua. Askari wetu 14 walipouawa Semuliki, mashariki ya Kongo, mwezi Desemba 2017, wakiwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, miili yao ilirudishwa, ikaagwa kwa heshima za kijeshi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa kwa familia zao bara na visiwani. Baba anataka kaburi la mwanawe liwe karibu na la babu yake, pale ambapo atalipita akienda shambani. Haulizi ni kiwanja cha daraja gani. Mama anayeishi mbali na Muleba, mwenye kijana Kaboya, anajua ni nauli kiasi gani kwenda kusoma jina moja.

Jambo linalotusumbua zaidi ni kwamba mazungumzo ya makaburi ya wakongwe huwa ni njia rahisi ya kuyakwepa mazungumzo ya wakongwe wenyewe. Kaburi halilalamiki wala haliji ofisini na fomu. Mzee aliye hai anadai dawa za shinikizo la damu, anadai pensheni ifike kwa wakati, anadai karani aache kumwambia arudi kesho. Waingereza wametupa somo baya hapa. Walipowaachisha askari wa Afrika Mashariki baada ya Vita Vikuu vya Pili, malipo yao yalipangwa kwa rangi, Mwafrika akipata sehemu ndogo ya alichopata Mzungu wa cheo kile kile. Ilichukua mpaka mwaka 2018 ndipo Serikali yao ikatangaza karibu pauni milioni 12 kwa ajili ya wakongwe maskini wa majeshi yake katika nchi za Jumuiya ya Madola. Ilikuwa miaka 73 baada ya vita kwisha! Wakati huo idadi kubwa ya waliodai walikuwa wameshaingia kaburini, na kwa kweli makaburi yao hayakugharimu hazina ya London hata senti moja.

Kwa hiyo ikiwa kuna fedha na ardhi ya kutolewa kwa ajili ya wapiganaji, tunashauri ianze na karatasi kabla ya udongo. Liandikwe daftari, kata kwa kata, la watu wote waliokwenda vitani au waliochukuliwa na vita: askari, mgambo, madereva, wauguzi, wapishi, na raia waliouawa majumbani mwao. Liandikwe na vijana wa vyuo kwa kuuliza nyumba kwa nyumba, kisha nakala iwekwe katika ofisi ya kijiji au mtaa ambako mtoto wa marehemu anaweza kwenda kuisoma bila kibali. Penye haja ya ukuta, ukuta wa majina hauli ardhi kubwa. Unaweza kusimama kando ya zahanati, na ukifutika unapakwa tena. Bustani B, C na D nazo ziandikiwe, kwa Kiswahili, ni akina nani walioletwa hapo, kutoka wapi, na kwa nini hawana majina, ili abiria wa daladala anayekwenda Wazo asiendelee kudhani.

Daftari hilo lisianze na Vita Vikuu vya Kwanza, ingawa huko ndiko dhuluma ilikokuwa kubwa. Lianze na mgambo wa 1978. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule anakaribia sabini sasa. Yuko Mbagala, yuko Tegeta, yuko Muleba na Tarime, na bado anaweza kuulizwa aliyekuwa kushoto kwake aliitwa nani.